Mizani ya Visanduku Tisa: Athari ya Watchmen katika Sanaa ya Hadithi za Picha

Makala haya yanakusudia kuichunguza athari ya kitabu kimoja cha hadithi ya picha kiitwacho Watchmen. Kitabu hicho kilitungwa na Alan Moore, kikachorwa na Dave Gibbons na kutiwa rangi na John Higgins, wote watatu Waingereza, na kilitolewa Marekani na kampuni ya DC Comics katika matoleo 12, la kwanza likiwa na tarehe ya Septemba 1986 na la mwisho Oktoba 1987. Yamkini baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi watashangaa, kwani si desturi yetu kuzungumzia humu vitabu vya mashujaa wavaao vinyago na majoho. Mshangao huo naufahamu vyema. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, niliomba kuandika insha juu ya kitabu hiki katika somo la usimulizi. Mwalimu aliyenisimamia alicheka, si kwa ubaya, akanishauri niandike juu ya jambo la kwetu. Niliporudi nyumbani na kulitaja jambo lilo hilo mbele ya wenzangu, niliambiwa kwamba hizo ni picha za kuwafurahisha watoto. Nimefukuzwa basi na pande zote mbili, na nadhani ninayo haki ya kujitetea.

Utetezi wangu hautategemea sifa za watu wengine. Ni kweli kwamba Watchmen kilipewa tuzo ya Hugo mwaka 1988, na kwamba jarida la Time lilikiweka mwaka 2005 miongoni mwa riwaya 100 bora za Kiingereza zilizotoka tangu 1923. Lakini tuzo hutolewa na binadamu, na binadamu hukosea. Hoja ninayotaka kuisimamisha ni kwamba wengi waliokiiga kitabu hiki walichukua maudhui yake wakaiacha fani, ilhali uzito wake umo katika fani. Na kwamba mhakiki aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili ana zana nzuri mno za kuliona jambo hili, kwa kuwa amefundishwa tangu mwanzo kuhesabu.

Shujaa wa aina hii si mgeni kwetu. Fumo Liyongo alikuwa na mwili usioweza kudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni; Superman, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1938, naye analo jiwe lake la kumdhoofisha. Tofauti ni kwamba Liyongo alikufa, na kwa kufa kwake utenzi ukapata umbo. Shujaa wa Kimarekani ni mali ya kampuni, na mali haifi maadam bado inauzika. Hadithi yake haina mwisho, na kwa hivyo haina katikati wala mwanzo wa kweli. Watchmen kilikwepa ugonjwa huo kwa bahati ya ofisini. Mwaka 1983 DC ilinunua wahusika wa kampuni ndogo iliyoitwa Charlton, na Moore akapendekeza kuwatumia. Mhariri Dick Giordano alipoona kwamba kwa mpango ule wahusika waliolipiwa fedha wangekufa au kuharibika wasifae tena, alimtaka Moore abuni wake mwenyewe. Ndipo The Question alipomzaa Rorschach, Captain Atom akamzaa Doctor Manhattan, Blue Beetle akamzaa Nite Owl. Mhariri alikuwa akilinda bidhaa. Alichompa mtunzi bila ya kukusudia ni ruhusa ya kumaliza.

Kisa chenyewe tutakieleza kwa ufupi. Ni mwaka 1985 katika Marekani ambayo ilishinda vita vya Vietnam kwa msaada wa Doctor Manhattan, mtu aliyegeuzwa na ajali ya maabara mwaka 1959 kuwa kiumbe cha buluu chenye uwezo usio na mpaka. Nixon bado ni Rais. Sheria ya mwaka 1977 imewapiga marufuku mashujaa wasiotumikia serikali. Shujaa mmoja mzee, aitwaye Comedian, anatupwa kutoka dirisha la ghorofani, na Rorschach, mwenye kinyago cha madoa meusi yanayobadilika, anaanza kupeleleza. Mwisho inagunduliwa kwamba mhalifu ni mwenzao, Adrian Veidt, tajiri mwenye akili kuliko wote, ambaye amebuni jitu la uongo kutoka ulimwengu mwingine ili aangamize sehemu kubwa ya New York na kuyatisha mataifa makubwa mawili yapatane. Mpango wake unafaulu. Wenzake wanakubali kunyamaza, isipokuwa Rorschach, ambaye anauawa. Lakini shajara yake imekwisha kutumwa kwa gazeti. Jina la kitabu linatokana na swali la kale la mshairi wa Kirumi Juvenal kuhusu nani atakayewalinda walinzi. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika "Walinzi" atakuwa amepata nusu tu, maana katika Kiingereza neno la kulinda ndilo pia neno la saa ya mkononi, na kitabu kizima kimejaa saa.

Sasa tufungue ukurasa wowote. Ukurasa wa Watchmen umejengwa juu ya visanduku tisa vilivyo sawa, safu tatu zenye visanduku vitatu kila moja. Mwanafunzi wa arudhi hahitaji kuelezwa zaidi: huu ni ubeti wa tathlitha katika bahari ya ukawafi, mishororo mitatu, kila mmoja ukiwa na ukwapi, utao na mwandamo. Si kila ukurasa wenye visanduku tisa kamili. Mara nyingi viwili huunganishwa kuwa kimoja kipana, au safu nzima hufanywa picha moja. Lakini hata hapo jicho huendelea kuhesabu, kama sikio la mwimbaji linavyoendelea kuhesabu mizani pale silabi moja inapovutwa kwa mahadhi. Gibbons hakuubuni mpango huu. Steve Ditko alikuwa ameutumia sana katika Spider-Man miaka ya 1960. Jambo jipya lilikuwa kuushikilia kwa matoleo 12 mpaka ukawa kama sheria ya maumbile katika ulimwengu wa hadithi hiyo.

Watunzi hawa walijinyima mengi ili mizani isikike. Hakuna viputo vya mawazo, vile vinavyomwonyesha msomaji kila anachofikiri mhusika. Hakuna maneno ya kuigiza sauti za ngumi na risasi, ambayo kwa watu wengi ndiyo alama kuu ya fani hii. Mistari ya kuonyesha mwendo nayo imeachwa. Higgins alizikimbia nyekundu na buluu na manjano kali za mashujaa wa zamani, akategemea zambarau, kijani na rangi ya machungwa, hata kurasa zikawa na hali ya chumba chenye taa mbovu. Msomaji aliyezoea kelele anakutana na ukimya, na katika ukimya huo anasikia kitu kimoja tu, yaani mapigo ya visanduku.

Kibwagizo cha kitabu ni beji ya manjano yenye uso unaocheka, iliyodondokewa na tone la damu. Ndiyo picha ya kwanza kabisa, ikiwa mtaroni chini ya dirisha alilotupwa mwenyewe, na ndiyo inayorudi katika ukurasa wa mwisho, safari hii juu ya fulana ya kijana wa gazetini aliyedondosha mchuzi wa nyanya. Kati ya hapo na hapo umbo hilo la duara lenye mkwaruzo linarudiarudia katika saa, katika mwezi, hata katika bonde la sayari ya Mars. Jalada la kila toleo ni picha ya kwanza ya hadithi yenyewe iliyosogezwa karibu mno, hivi kwamba mnunuzi alikwisha kuanza kusoma kabla ya kulipa.

Ningependa kukaa zaidi juu ya sura mbili. Ya kwanza ni Sura ya 5, ambayo jina lake limetolewa katika shairi la William Blake juu ya chui milia. Sura hii ina kurasa 28, na mpangilio wa visanduku wa ukurasa wa kwanza unajibiwa na ule wa 28, wa pili na ule wa 27, hivyo hivyo mpaka kurasa mbili za katikati, ambapo Veidt anampiga mtu aliyetumwa kumuua na picha inatanda pande zote mbili za mkunjo. Mahali, wahusika na hata rangi vinajibizana kama kitu na kivuli chake majini. Sisi tunalijua jambo hili kwa jina la kina. Lakini kina cha kawaida hukisubiri silabi chache tu, ilhali hapa kina cha ukurasa wa kwanza kinasubiriwa kwa kurasa 27, na msomaji wengi hupita bila ya kukisikia. Je, kina kisichosikika ni kina? Nadhani jibu linapatikana katika kisa chenyewe. Rorschach anaanza sura akiwinda na kuimaliza akiwa amenaswa. Mtego ulikuwa umejengwa kumzunguka tangu ukurasa wa kwanza, naye hakuuona kama sisi tusivyouona. Umbo limetufanyia sisi kile ambacho Veidt amemfanyia yeye. Hapo fani haikipambi kisa, bali ndiyo inayokitenda.

Sura ya pili ninayoitaka ni ya 4. Doctor Manhattan yuko peke yake Mars, ameshika picha ya zamani. Kwake yeye wakati haupiti: utoto wake, ajali yake, mapenzi yake na kesho yake vyote vipo sasa hivi. Anajua kwamba ataiangusha picha ile, na kwamba tayari iko mchangani. Baba yake, fundi wa saa, anasikia habari za bomu la Hiroshima mwaka 1945, anavitupa nje vipuri vya saa alivyokuwa amevipanga mwanawe, na vipuri vile vinaendelea kuanguka katika sura nzima. Moore anayasimulia haya yote kwa njeo ya sasa.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili ukurasa huu ni karamu. Usimulizi wetu huendeshwa na kiambishi -ka-. Tunaposema "alifika akaketi akala", kila -ka- huegemea tendo lililotangulia, na bila ya la kwanza la pili halisimami. Kiambishi hiki ndicho uti wa mgongo wa hadithi zetu, tangu ngano za bibi mpaka taarifa za polisi. Doctor Manhattan hana -ka-. Anayo -na- peke yake. Huyu ni mhusika aliyenyang'anywa si hisia, kama wahakiki wengi wanavyosema, bali mofimu. Na mtu asiye na -ka- hawezi kujuta wala kutumaini, maana vyote viwili vinahitaji jambo moja lije baada ya jingine.

Hapa ndipo visanduku tisa vinapoonyesha kazi yao. Msomaji wa riwaya hupokea neno moja baada ya jingine. Msomaji wa Watchmen, kabla hajasoma neno hata moja, huuona ukurasa wote: mwaka 1945 uko juu kushoto, 1959 uko katikati, 1985 uko chini, na vyote viko mbele ya macho yake kwa pamoja. Anaweza kurudi, anaweza kuruka. Kwa muda wa ukurasa mmoja yeye mwenyewe ni Doctor Manhattan, na anapoanza kusoma kwa utaratibu ndipo anapogeuka kuwa binadamu mwenye -ka-. Sijui fani nyingine iwezayo kutoa tajriba hii. Ushairi unaikaribia ukiwa umeandikwa, lakini haukuzaliwa kwa ajili ya jicho.

Nitaigusa Sura ya 12 kwa haraka, ingawa ndiyo inayokumbukwa sana. Inafunguka kwa kurasa sita mfululizo zenye picha moja moja tu: maiti za New York. Baada ya sura 11 za visanduku vilivyohesabiwa, ghafla hakuna hesabu. Katika istilahi zetu hilo ni guni, na ni guni la makusudi. Wale kati yetu waliobishana miaka ya 1970 na baadaye, kitabu cha Kezilahabi Kichomi kilipotoka mwaka 1974, kama mashairi yasiyo na vina ni mashairi au si mashairi, wangefaidika na kurasa hizi sita. Zinatisha kwa sababu kulikuwa na sheria. Mchoraji ambaye kila ukurasa wake ni picha moja kubwa hana cha kuvunja. Sisemi hivi ili kuwapa ushindi wanamapokeo, maana vile vile mpango wa visanduku tisa ungekuwa gereza bure kama usingekuwa na siku ya kuvunjwa.

Kuna pia hadithi ndani ya hadithi. Kijana mmoja mweusi huketi kando ya kibanda cha magazeti akisoma kitabu cha maharamia, habari za baharia aliyejenga chelezo kwa maiti za wenzake ili awahi kuuokoa mji wake, na kwa haraka ya kuokoa akaishia kumshambulia mke wake mwenyewe. Aliyezoea Alfu Lela Ulela hatatatizika: kisa cha ndani kinakihukumu kisa cha nje, na baharia huyo ni Veidt. Lakini kilichonigusa mimi ni kibanda chenyewe. Mwenye kibanda, mzee wa Kizungu mwenye domo, na yule kijana, wanagundua baada ya siku nyingi za kubishana kwamba wote wawili wanaitwa Bernard. Mwisho wa Sura ya 11 mwanga unapolipuka wanakumbatiana, na visanduku vinaonyesha vivuli vyao vikiwa kimoja, kisha weupe mtupu.

Tukija kwenye athari, hatuna budi kutenda haki. Kitabu hiki hakikufika peke yake. Mwaka uo huo wa 1986 Frank Miller alitoa The Dark Knight Returns, kisa cha Batman aliyezeeka na kuwa mkali, na Art Spiegelman akatoa juzuu ya kwanza ya Maus. Magazeti ya Marekani yalitangaza kwamba hadithi za picha zimebaleghe. Kwa bahati mbaya kampuni zilielewa kubaleghe kwa maana ya mvulana wa miaka 14, yaani damu na matusi. Miaka iliyofuata ilijaa mashujaa wenye meno yaliyokazwa. Superman aliuawa mwishoni mwa 1992 na kufufuliwa mwaka uliofuata, kama ipasavyo mali. Batman alivunjwa mgongo mwaka 1993. Rorschach, ambaye watunzi walimchora mchafu, mpweke na mwenye chuki, akawa kipenzi cha wasomaji waliomwona kielelezo. Moore mwenyewe amelalamika mara nyingi katika mahojiano kwamba walichorithi wenzake kutoka kwake ni ghadhabu na giza tu. Ni ile ile hali ya mshairi chipukizi anayesoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla na kudhani kwamba siri yake ni jela, asione kazi iliyofanywa katika kila kipande.

Uigaji wa pili ulikuwa wa heshima mno, na labda ulidhuru zaidi. Filamu ya Zack Snyder ya mwaka 2009 ilinakili picha nyingi za Gibbons kwa uaminifu wa kushangaza. Hata hivyo katika filamu saa iko mikononi mwa mtambo. Mtazamaji hawezi kuushika ukurasa, hawezi kurudi juu kushoto. Sura ya 4 inageuka kuwa kumbukumbu za kawaida za mtu mwenye huzuni, na ulinganifu wa Sura ya 5 unatoweka kabisa. Hadithi ya maharamia ilitengwa ikatolewa kando kama filamu ya katuni. Kila taswira ipo, na shairi halipo. Aliyewahi kusoma utenzi uliofasiriwa kwa nathari atakuwa anaielewa hasara hii.

Warithi wa kweli walichelewa, na ni wachache. Mwaka 2014 Grant Morrison na Frank Quitely walitoa Pax Americana, toleo moja tu katika mfululizo wa The Multiversity, ambamo waliwarudisha wale wale wahusika wa Charlton aliokatazwa Moore. Badala ya tisa wakachagua msingi wa visanduku vinane, na kisa wakakiendesha kinyumenyume. Halafu Tom King na Mitch Gerads, katika matoleo 12 ya Mister Miracle ya miaka ya 2017 na 2018, wakavirudia visanduku tisa bila ya aibu. Shujaa wao, aliyebuniwa na Jack Kirby mwaka 1971, ni bingwa wa kujifungua minyororo, na kisa kinaanza akiwa amejaribu kujiua. Mistari myeupe kati ya visanduku inakuwa nondo, na bingwa wa kutoroka hatoroki. Huku si kuiga. Katika mapokeo yetu mshairi wa Lamu aliyetaka kumjibu mwenzake wa Mombasa katika siku za Muyaka na Zahidi Mngumi aliyachukua mizani na vina vya aliyemchokoza akavijaza maneno yake, na hakuna aliyemwita mwizi. Malumbano yana adabu yake: humrudii mtu kwa bahari nyingine.

Kuna jibu moja ambalo kitabu kililistahili tangu siku ya kwanza, kwa maana si kitabu kisicho na dosari. Mwanamke wa Kivietnam mwenye mimba anapigwa risasi na Comedian mbele ya Doctor Manhattan, na mwanamke huyo hana hata jina. Sally Jupiter anashambuliwa na Comedian, kisha miaka ikipita tunatakiwa tumwone akilia kwa kumpenda. Weusi wa New York wapo ili wasome, wasikilize na wafe. Mtunzi aliyeona mbali hivyo katika umbo alikuwa na mahali asipotazama.

Mfululizo wa televisheni wa Damon Lindelof, uliotoka mwaka 2019 katika sehemu 9 (hesabu inayomfanya msomaji atabasamu), ulitazama hapo hapo. Haukuanza na New York bali na mauaji ya watu weusi wa Tulsa, Oklahoma, ya mwaka 1921. Kitabuni kuna shujaa wa zamani aitwaye Hooded Justice, mwenye kofia ya kufunika uso na kitanzi shingoni, ambaye hakuna anayethibitisha alikuwa nani. Kwa zaidi ya miaka 30 wasomaji walikitazama kitanzi kile kama pambo. Mfululizo huu uliuliza swali ambalo mhakiki yeyote wa Kimarekani angepaswa kuliuliza: ni mtu gani katika nchi ile angevaa kitanzi? Ukajibu kwamba ni polisi mweusi aliyenusurika Tulsa akiwa mtoto, ambaye wenzake wa kituoni walikaribia kumnyonga, akakigeuza kitanzi chao kuwa vazi, na kuzipaka nyeupe ngozi zilizozunguka macho ili adhaniwe Mzungu. Hakuna kilichoongezwa kwenye picha ya Gibbons. Ilisomwa tu, na ilikuwa imengoja miaka yote hiyo.

Katika haya yote Moore hayupo. Mkataba uliahidi kwamba haki zingemrudia yeye na Gibbons endapo kitabu kingeacha kuchapishwa kwa muda fulani. Juzuu moja ilitolewa mwaka 1987, ikauzika, na haijaacha kuchapishwa. Mafanikio yenyewe ndiyo yaliyomnyang'anya. Alivunja uhusiano na DC mwishoni mwa miaka ya 1980, na jina lake halimo katika filamu kwa amri yake mwenyewe. DC imewatoa tena wahusika wake kwa mikono ya watu wengine, katika Before Watchmen mwaka 2012 na Doomsday Clock kuanzia 2017 hadi 2019. Watunzi wa tendi zetu walijitaja katika beti za mwisho, jina na mji na pengine tarehe, ili shairi lisipotee njia ya kurudi kwao. Huyu aliumaliza utenzi wake, nao ukachukuliwa na wengine wakaendelea kuutungia beti baada ya tamati.

Simtafutii Watchmen watoto hapa kwetu. Juha Kalulu, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa muda mrefu, ni wa ukoo mwingine, na Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010 kuzungumza Sheng na vijana wetu, ni ya ukoo mwingine tena. Lakini muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kurasa za mwanzo za Sura ya 4 wazifasiri, nikawaonya juu ya -ka-. Walibishana saa nzima. Kundi moja lilitumia -na- kila mahali, na ufasiri wao ulikuwa mkavu kama taarifa ya hali ya hewa, jambo ambalo walilitetea kwa kusema ndivyo anavyozungumza mtu yule. Kundi la pili lilishindwa kujizuia. Kufikia kisanduku cha nne -ka- zilikuwa zimeingia kama siafu. Msichana mmoja wa kundi la tatu alitunza -na- katika visanduku vyote isipokuwa kimoja, pale baba anapovitupa vipuri vya saa dirishani. Hapo aliandika "vikaanguka". Nilimwuliza kwa nini, na ameahidi kuniletea jibu kwa maandishi.